Kipindi cha mwandiko tulikipenda, lakini si sote

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama shule za msingi zirudishe kipindi cha mwandiko. Nimeona wengi wanaotaka kirudi wanataja mitihani na barua za kuomba kazi. Hakuna anayesema kwamba kuandika vizuri kulikuwa na raha yake, na mimi hilo ndilo linaloniwasha.

Nilisoma wilayani Korogwe mwanzoni mwa miaka ya themanini, daftari likiwa adimu kama sukari. Penseli moja ilikatwa vipande viwili, wewe na ndugu yako, ikachongwa kwa nusu wembe. Raba ilikuwa kipande cha kandambili. Kalamu ya wino hukuishika mpaka darasa la tatu, na hapo napo mwalimu aridhike kwanza na daftari lako.

Mwalimu wetu alipiga mistari minne ubaoni kwa rula ndefu ya mbao, akaandika kwa herufi za kuunganisha: Haraka haraka haina baraka. Sentensi hiyo hiyo wiki nzima. Kichwa cha h na cha k kiguse mstari wa juu, a na r zisitoke katikati, na kalamu isiinuliwe mpaka neno liishe. Ukipanda, mkono uwe mwepesi; ukishuka, kandamiza kidogo. Wiki iliyofuata akatupa Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo ndipo nilipomwelewa, maana methali ile imejaa mikia: g, j, y, p, yote ishuke mpaka mstari wa chini na isipite. Alikuwa akipita kati ya madawati, anaweka kidole kando ya neno lililopinda, anasubiri. Hasemi kitu. Unalitazama mwenyewe mpaka unaliona kosa, unalifuta, unaandika tena, naye bado amesimama pale pale. Kufikia Alhamisi mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nikigeuza ukurasa na kupapasa nyuma yake, nilizisikia herufi zangu vidoleni zilivyotuna. Siku aliyoniruhusu kalamu ya wino niliandika upya jalada la kila daftari: jina, shule, darasa, somo.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kuwaambia kirudi, tena kesho. Lakini siwezi kulikumbuka dawati lile nikamwacha niliyekaa naye. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mwalimu yule yule mwenye subira alimchapa vidole kwa rula mpaka akahamia kulia, na mwandiko wake haukutulia tena. Hadi leo ni mtu mzima anayeomba ajaziwe fomu benki. Ukimtajia kipindi cha mwandiko, anabadilisha mazungumzo.

Namlinganisha na bibi yangu, aliyejifunza kuandika ukubwani kwenye madarasa ya ngumbaru, baada ya Serikali kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Pale hakuchapwa mtu. Bibi aliandika jina lake polepole kwenye kila stakabadhi, hata mahali ambapo dole gumba lingetosha, na alifurahi kila mara.

Kwa hiyo mkinibana, nasema hapana, kisirudi kama kilivyokuwa, na kisipewe alama. Najua darasa la kwanza na la pili wanafundishwa kuandika ndani ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo ni jema. Wanaonihuzunisha ni wa darasa la tatu kwenda juu, ambao hakuna tena anayeziangalia herufi zao, hasa tangu mtihani wa darasa la saba ulipoingia mwaka 2012 kwenye karatasi za kusiliba herufi ya jibu ili mashine isahihishe. Nao walimu siwalaumu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 yapo madarasa yenye watoto zaidi ya mia, na mwalimu mmoja hawezi kusimama kando ya kila neno lililopinda. Apatikane kwanza mwalimu wa pili darasani, na wa mkono wa kushoto waachwe na mkono wao. Yakishafanyika hayo, niulizeni tena, huenda nikajibu vingine.