Simu haina sehemu ya memori kadi, picha zangu niziweke wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo sokoni, Dodoma. Simu yangu haina sehemu ya kuweka memori kadi, ile ya zamani nilikuwa nachomoa kadi natia kwenye simu nyingine maisha yanaendelea. Sasa hii imeanza kujizima yenyewe na fundi anasema lazima aifomati. Vipimo vya wateja nimevipiga picha kutoka kwenye daftari, mishono wananitumia WhatsApp. Nifanyeje nisipoteze?
Dada wa Majengo

JIBU: Dada yangu pole sana, na nakuomba hiyo simu usimpe fundi leo. Mama yangu alikuwa ananitumia voisi kutoka Kongwa kila Jumapili jioni, anaongea Kigogo na kuku unawasikia kwa nyuma, fundi mmoja akanifomatia simu bila kuuliza na mama ameshatangulia mbele za haki, zile sauti sizipati tena. Ndo maana hili swali nalijibu kwa moyo.

Anza na Gmail. Hakikisha unaijua pasiwedi yake, jaribu kuingia nayo kwenye simu ya mtu mwingine kabisa, maana simu nyingi za Android zikifomatiwa kwa mabatani zinakuja kuuliza akaunti ya zamani na usipoijua umekwama. Halafu ingia seting'i, Google, bakapu (yaani nakala ya akiba inayotunzwa Google), washa. Hapo zinapanda namba za watu, meseji za kawaida na orodha ya apu zako. Zile namba ulizosevu kwenye simu badala ya Google zihamishie Google kwanza.

Picha ndo penye kazi. Google inakupa GB 15 bure ila hizo zinagawanywa na Gmail, picha na bakapu ya WhatsApp kwa pamoja, picha moja ikiwa na MB 3 au 4 basi ni kama picha elfu nne hivi. Washa bakapu ndani ya Google Photos, na hapa wengi wanaumia: yenyewe inachukua picha ulizopiga kwa kamera, folda la picha za WhatsApp haligusi mpaka uliwashe mwenyewe, kwa hiyo mishono ya wateja wako ingebaki nje na ungejua baada ya kufomati. Kingine, ukifuta picha ndani ya Google Photos inafutika na kule Google pia, kama unataka nafasi tumia kile kipengele chake cha kuachia nafasi.

WhatsApp ina bakapu yake peke yake. Nenda seting'i za WhatsApp, chati, bakapu ya chati, chagua Gmail ile ile, ondoa video kama bando ni dogo, bonyeza bakapu na usubiri imalize. Usitegemee ile inayojifanya saa 8 usiku maana hiyo ya leo bado haijafika.

Kama bando linakusumbua, tafuta flashi ya OTG yenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la chaji la simu yako. Unaichomeka, unafungua apu ya mafaili, unakopi folda la kamera (DCIM) na lile la WhatsApp lililo ndani ya Android, media. Mimi ningefanya vyote viwili, flashi inapotea na Gmail inafungwa.

Kwenye kuristoo, simu ikiwaka upya weka Gmail ile ile mwanzoni kabisa na ikuulize kurudisha data ukubali. WhatsApp weka namba ile ile, ikisema ristoo bonyeza palepale, ukiruka itabidi uifute uinstoli tena.

Kabla hujaenda kwa fundi, ingia photos.google.com kwa Gmail yako kwenye simu ya mtu mwingine, fungua picha moja ya daftari, ikuze mpaka usome kiuno na kifua cha mteja. Ikisomeka, mpe fundi simu, laini chomoa ubaki nayo.