Mnauliza, Tunajibu: Dresa wa Keya Kule Burma

Swali: Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, babu alikuwa dresa (msaidizi wa matibabu) katika batalioni moja ya Tanganyika ya KAR, yaani Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944. Hakupenda kusimulia. Bibi anakumbuka tu kwamba alirudi na vidonge vya manjano ndani ya mkebe. Vilikuwa vya nini, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kufunga majeraha? — Msomaji, Songea

Jibu: Majeraha yalikuwepo, lakini kilichomchosha dresa siku zote ni hivyo vidonge. Ni mepakrini, dawa ya malaria. Wajapani walipoiteka Java, kisiwa kilikotoka kwinini nyingi, mwaka 1942, dawa hiyo ya zamani ya malaria iliadimika, na jeshi likahamia kwenye mepakrini. Hali ilivyokuwa mbaya utaijua kwa hesabu ya Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la 14 la Waingereza kule Burma: mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za KAR, iliingia bonde la Kabaw huko Burma Agosti 1944, mvua zikiwa zimepamba moto, na bonde lenyewe lilisifika kwa malaria.

Kipimo kilikuwa kidonge kimoja cha miligramu 100 kwa siku. Ilikuwa hivi: askari wanapangwa mstari baada ya chakula, dresa anatoa kidonge mkononi, askari anameza kwa maji, kisha anafungua kinywa na kuinua ulimi. Hiyo ya kuinua ulimi ndiyo muhimu, maana wengi walikibana hapo na kwenda kukitema. Sababu zilikuwa tatu. Kidonge ni kichungu, na tumbo likiwa tupu kinatia kichefuchefu. Ndiyo maana kilitolewa baada ya kula. Kinageuza ngozi kuwa manjano, mtu akadhani ini limeoza, kumbe ni rangi ya dawa tu, nayo hupotea wiki kadhaa baada ya kuacha. Ya tatu ni uvumi kwamba kinaua nguvu za kiume. Kwa kijana aliyemwacha mke nyumbani, hilo si jambo la kuchekesha, na karipio halikulitatua. Slim aliamuru vikosi vipimwe ghafla, na makamanda watatu ambao watu wao walikuwa hawamezi wakaondolewa kazini. Baada ya hapo maofisa wenyewe walisimama mstarini.

Jua likizama, mikono ya shati inashushwa, mafuta ya kufukuzia mbu yanapakwa usoni na mikononi, tena upya kila mvua au jasho likiyaosha. Halafu ukaguzi wa miguu. Ruba hang'olewi kwa nguvu: anawekewa chumvi au moto wa sigara aachie mwenyewe, kwa sababu akikatika, mdomo wake hubaki ndani ya ngozi, na kwa ule unyevu kidonda huoza na kupanuka.

Swali: Mvua ilinyesha mchana na usiku. Kwa nini basi askari waliugua kwa kukosa maji salama? — Msomaji, Kitui

Jibu: Mvua tele ndiyo iliyoshusha uchafu wa kila kambi mtoni. Kila askari alibeba vidonge vya aina mbili. Cheupe cha kuua vijidudu kinatangulia chupani. Unatikisa, unasubiri dakika 30. Cha buluu kinafuata, kazi yake kuondoa ladha ya klorini.

Makosa yalikuwa yale yale. Mwenye kiu anatia vyote viwili pamoja, cha buluu kinaimaliza klorini kabla haijafanya kazi, na maji yanakuwa matamu lakini bado machafu. Mwingine anachota tope; tope nalo hula klorini, hivyo ni lazima maji yachujwe kwanza kwa kitambaa. Na karibu wote walisahau shingo ya chupa. Legeza kifuniko, pindua chupa kidogo maji yenye dawa yaoshe mdomo wake. Usipofanya hivyo, unalamba maji ya mto.

Swali: Na mtu akipigwa risasi? — Msomaji, Mwanza

Jibu: Kwanza damu: bandeji nene, mkandamizo, kamba ya kukaza kiungo pale tu mkandamizo unaposhindwa. Paja lililovunjika liliwekwa banzi la Thomas, fremu ya kuunyoosha na kuushikilia mguu, kabla ya safari. Mwenye jeraha la tumbo hapewi maji wala kidonge, hata akilia.

Mofini, dawa kali ya maumivu, ilitaka akili zaidi. Mtu aliyepoteza damu na kupoa mwili hainyonyi haraka sindano ya chini ya ngozi. Anaendelea kulia, anachomwa ya pili. Akipashwa joto na kuongezewa plazima (majimaji ya damu), zote mbili zinaingia kwa mkupuo, naye anaacha kupumua. Ndiyo sababu dresa aliandika herufi M kwenye paji la uso, na saa. Mvua ikiifuta, kuna kadi iliyofungwa kwenye kifungo cha shati.

Swali: Tumekuta barua mbili tu za babu, fupi, hazisemi yuko wapi wala anafanya nini. Je, alikuwa ametusahau? — Msomaji, Bukoba

Jibu: Msimhukumu kwa barua hizo. Kila barua ilisomwa na ofisa kabla ya kuondoka. Kutaja mahali, safari au idadi ya waliokufa kulikatazwa. Kilichobaki ni salamu, afya na maswali ya ng'ombe na shamba. Askari asiyejua kuandika alimtafuta mwenye elimu, na dresa, aliyezoea kuandika kadi za wagonjwa, alikuwa mtu wa kuombwa. Siri za nyumbani hazisemwi mbele ya mwandishi na msomaji.

Angalieni pia upande wa pesa. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani, na familia ikaipokea kupitia ofisi ya DC. Bibi akikumbuka kwenda bomani kuchukua fedha, jibu lenu liko hapo. Kisha geuzeni bahasha: tafuteni namba ya jeshi ya babu, jina la kikosi na muhuri wa msensa, yaani ofisa aliyekagua barua. Tarehe ikiwa kati ya Agosti na mwanzo wa Desemba 1944, na kikosi kikiwa cha Divisheni ya 11, huenda alikuwa Kabaw au njiani kwenda Kalewa, mji uliotwaliwa tarehe 2 Desemba.