Viatu kwanza, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: kundi la baleti limekukataa mara mbili, je, uende kwenye usaili mara ya tatu au uachane nao? Kwanza niambie viatu ulivyovaa vilikuwa vya rangi gani. Unasema "vya kawaida." Vya kawaida kwa nani? Satini ile ya pinki inafuata ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mrefu, usikatike kifundoni. Kwako wewe unakatika palepale. Kiatu kifuate mguu, nimekwambia tangu una miaka 12.

Usiku ule wa jikoni unaukumbuka. Mwalimu alisema miguu yako inaharibu mstari wa wenzako, nami nikanyamaza mbele yake, nikaenda kununua faundesheni tupake viatu vyako. Kimya kile kinanichoma hadi leo. Na kazi yenyewe tuliiharibu: sponji ilikuwa imelowa, maji yakapenya hadi kwenye ncha, na ncha ya kiatu cha baleti ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikwa na gundi. Kulipokucha ilikuwa laini kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Tangu 2018 Freed wa London wanatengeneza viatu vya kahawia, walivyovitoa pamoja na Ballet Black, kundi la wachezaji weusi na wa Kiasia la huko London, lakini walianza na rangi mbili tu. Kama hazikukubali, paka. Faundesheni isiwe ya mafuta, itaacha madoa. Ilinganishe na ngozi ya muundi, usoni huwa rangi nyingine. Kamua sponji mpaka isidondoshe hata tone, paka tabaka jembamba, acha likauke, rudia mara mbili au tatu. Mikunjo iliyo chini ya ncha husahaulika, na utepe pia. Soli usiiguse. Taiti nazo ziwe rangi hiyohiyo, la sivyo umefanya kazi bure. Arthur Mitchell aliliona hilo akiwa na Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti aliloliasisi New York, wachezaji wake wakavaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja.

Sasa hilo la mara ya tatu. Raven Wilkinson, yule mchezaji baleti mweusi wa Marekani ambaye picha yake ilikaa juu ya kitanda chako, alichukuliwa na kundi la Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955, baada ya kujaribu mara tatu. Utadhani nimeshakujibu. Lakini alicheza akiwa amejipaka poda ya kumng'arisha uso, na 1957, hotelini Atlanta, alipoulizwa kama ni mweusi hakukana, wakamtoa. Janet Collins, mweusi mwenzake, akiwa bado msichana, kundi hilohilo lilimtaka ajipake uso mweupe. Akakataa, akaondoka. Mwaka 1951 akaingia Metropolitan Opera, New York, akawa mchezaji mkuu wa baleti.

Nikimsifu Janet namkosea Raven, maana bila poda ile nani angempa nafasi? Naye baadaye, 1967, alipokewa na kundi la baleti la taifa la Uholanzi. Nikimsifu Raven narudi kwenye kimya changu cha siku ile.

Ulimi unaniwasha, lakini sikuamulii. Ila kabla ya kujaza fomu waulize kama wanaruhusu viatu na taiti vya rangi ya ngozi yako. Jibu walitoe kwa maandishi, unitumie nilisome.

Sponji mbili mpya zimo humu kwenye bahasha.

Mama