Barua kwa mwanangu: gari la shule la alfajiri, Upanga hadi Bunju

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Nimeona nijibu kwa kuandika, maana kwenye simu utanikatiza. Unauliza kama ni sawa mjukuu wangu aanze darasa la kwanza Januari kwenye ile shule binafsi ya Bunju, apitiwe hapo Upanga saa kumi na moja alfajiri. Baba yake ameshakubali, ada ya muhula wa kwanza ipo, na wewe unasema safari itakuwa nyepesi kwa sababu atakuwa anakwenda kinyume na foleni.

Hilo la foleni lina ukweli wake. Asubuhi Dar nzima inamiminika mjini, kwa hiyo ukivuka Daraja la Selander kuelekea Morocco na Mwenge, upande wako unakuwa na nafuu, ukiacha pale penye ujenzi wa mwendokasi. Mwenye gari lake akiondoka alfajiri, kilomita zile kama 30 hazimsumbui. Lakini gari la shule linakwenda kuokota watoto. Nimefanya kazi ya umatroni kwenye Kosta za shule miaka mingi, barabara hiyohiyo ya Bagamoyo, najua linavyotembea. Linaingia Sinza, linatoka. Linapinda Makongo, linarudi. Mbezi Beach linateremka mpaka karibu na bahari kwa mtoto mmoja ambaye mama yake bado anatafuta soksi. Huko mitaani habari ya kwenda kinyume na foleni haipo, kuna mashimo na mageti tu. Anayepanda wa kwanza ndiye anayezungushwa kote huko, na jioni mara nyingi ndiye wa mwisho kushushwa. Mtoto wa Upanga kwenye shule ya Bunju atakuwa huyohuyo.

Tulikuwa tunawajua watoto wa mjini bila kuuliza. Wanapanda macho yamefumba, viatu havijafungwa kamba, kichwa kinaegemea kioo na kila tuta kinagonga. Wengine mama zao wamewanywesha chai ya maziwa haraka haraka. Tukifika Tangi Bovu, chai yote iko kwenye sare. Nilikuwa natembea na mfuko wa vitambaa na nguo za kubadilisha. Wapo waliojikojolea usingizini, si kwa sababu ni wadogo mno, ni kwa sababu hakuna aliyewaamsha vizuri wakaenda msalani. Halafu gari likishawashusha linarudi kwa tripu ya pili kuchukua watoto wa Tegeta na Boko, ambao wakati huo ndio kwanza wanakunywa uji kwao. Wako anakaa kwenye benchi la shule anawasubiri wenzake waje ndipo kengele ilie.

Sasa piga hesabu ya usingizi. Wataalamu wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Akiamshwa saa kumi na nusu, ili apate hizo 9 tu inabidi awe amelala saa moja na nusu usiku. Saa hiyo baba yake bado hajafungua mlango. Kazi za nyumbani atazifanya saa ngapi, na chakula mtakula naye lini? Mtoto atakuwa anamwona baba yake Jumamosi na Jumapili kama mgeni.

Bweni usinitajie. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na kwa hilo niko upande wao kabisa. Mtoto wa miaka sita anafuliwa na nani huko?

Nikuulize na mimi: hapo mlipo mmeangalia nini? Olympio na Diamond ziko Upanga hapohapo. Ni za serikali na zinafundisha kwa mchepuo wa Kiingereza, hicho Kiingereza mnachokifuata Bunju. Najua nafasi zinagombaniwa na watoto darasani ni wengi. Lakini kwa pesa ile ya usafiri peke yake utamlipa mwalimu wa kumfundisha jioni nyumbani, naye mtoto awe ameshalala mchana na kucheza.

Najua pia kilichowapeleka Bunju. Ni kile kiwanja. Mnataka mtoto awe ameshazoea huko mtakapohamia. Mwanangu, msingi wenyewe haujachimbwa! Jengeni, hata vyumba viwili na choo, mhamie, ndipo aende shule ya huko akipanda tripu ya pili kama wenzake. Kwa sasa jibu langu ni hapana.

Mkiona bado mnataka, mtoto ni wenu, sitanuna. Ila kabla ya kulipa chochote mwendee msimamizi wa usafiri, mwulize mtoto atakuwa wa ngapi kupanda na wa ngapi kushuka. Mwulize matroni yupo safari zote mbili au asubuhi tu. Mwulize nani anakagua viti vya nyuma gari likishafika, maana mtoto aliyelala chini ya kiti haonekani mlangoni. Mimi nilikuwa napita kiti kwa kiti hata dereva akinipigia honi. Na uliza masika inakuwaje, mvua ya Machi na Aprili ikijaza maji barabarani, nani anakupigia simu.

Kisha omba kupanda gari hilo asubuhi moja, kutoka kituo cha kwanza mpaka getini, na umchukue baba yake. Vaeni masweta, vioo vya Kosta nyingi havifungi vizuri.

Mama yako