Mama anatimiza miaka 70: hoteli ya ufukweni au mgahawa wetu wa mtaani? Jibu langu

Mkuu, umeuliza kama siku hiyo umpeleke mama hoteli ya ufukweni au kwenye mgahawa wa mtaani mliouzoea miaka yote. Mimi njia zote mbili nimezipita na mama yuleyule, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofika 60 akastaafu kwa mujibu wa sheria, sisi watoto tukachanga, tukampeleka hoteli moja ya baharini, jina naliacha. Tulifika saa moja usiku, chakula kikaja saa tatu kasoro robo. Mama akala vijiko vichache vya wali, akasema ameshiba. Kufika nyumbani akajikorogea uji. Nilisikia sufuria jikoni saa tano usiku na niliumia kweli, maana siku ilikuwa yake.

Alipofika 65 nikaenda kwa Ami, mwenye mgahawa wetu wa mtaani, Magomeni Mapipa, Dar es Salaam. Hapo ndipo mama alipokuwa akitununulia pilau mshahara ukitoka, enzi tuko shule. Nilikwenda siku tatu kabla, saa kumi jioni. Muda huo wateja wa mchana wameisha na wa usiku hawajaja, mpishi ana nafasi ya kukusikiliza. Simu isikutoshe, nenda mwenyewe. Nikamwambia tutakuwa 11, Jumamosi saa saba mchana. Ijumaa niliikwepa kwa makusudi: watu wakitoka msikitini wanajaa, na ukichelewa kidogo unakuta masufuria matupu.

Nikaomba na jambo moja. Mama ni mtu wa Ifakara, mchele anaujua tangu shambani, je naweza kuleta mchele wetu? Ami hakukataa, akamwita mpishi, mama mmoja wa Kipemba ambaye wote tunamwita Bi Mkubwa. Akachota mchele kiganjani, akaunusa, akauliza, "Huu wa msimu huu au wa mwaka jana?" Mchele mpya haunywi maji mengi. Ukiupimia maji kama ule uliokaa ghalani, pilau inakuwa bokoboko. Aliponiuliza hivyo tu, wasiwasi wote ukanitoka. Nikalipa nusu, nikaondoka.

Siku yenyewe hatukusubiri hata robo saa. Kijana alikuja na birika na beseni, akamwamkia mama shikamoo, akamnawisha palepale alipokaa. Pilau ya mbuzi ikaja kwenye sinia, kachumbari pembeni, kuku wa kupaka na ndizi mbivu. Tulipoanza kula, Bi Mkubwa akatoka jikoni mwenyewe na kisahani kimefunikwa, akakiweka mbele ya mama. Kufunua, ukoko! Vipande vya kahawia, punje zimeshikana, bizari nzima imeganda juu yake, mafuta ya nyama yanang'aa. Anapikia mkaa, na maji yakikauka anapalia makaa juu ya mfuniko, ndiyo maana ukoko wake unakauka vizuri bila kuungua. Hakuna aliyemwagiza. Akasema tu, "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiomba ukoko ukija na wanao?" Mama akamshika mkono, hakuweza kujibu kwa muda. Kisha akautafuna wote, sisi tukisikia unavyolia mdomoni, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Tulilipa shilingi 165,000 pamoja na juisi ya ukwaju, Ami akiwa ametoa hesabu ya mchele. Kule baharini tulikuwa 6 tu na tulilipa zaidi ya mara mbili yake.

Sasa kasoro, maana sitaki uende ukajute. Joto lilikuwa kali, feni ni mbili tu. Na choo ni cha kuchuchumaa. Mama alimudu, lakini mwalimu mwenzake mwenye matatizo ya magoti alishindwa, ikabidi Ami atuombee kwa jirani yake. Nilipaswa kulikagua hilo siku nilipokwenda kuweka oda, na kosa ni langu. Kwa mzee wa miaka 70 anza na choo kabla hata ya kuuliza chakula. Halafu omba meza iliyo chini ya feni, mbali na jiko.

Keki mnaweza kwenda nayo, wengi hawakatai kuihifadhi kwenye friji ukisema mapema. Ukiamua hoteli, uliza kabisa kama bei za kwenye menyu zimeshajumlisha VAT ya asilimia 18, sisi ilitukuta kwenye bili.

Kwangu mimi, kama mpishi wenu wa siku zote bado yupo, mpeleke mama pale. Ila umesema anatembelea mkongojo, kwa hiyo ukienda kuongea na mpishi, hesabu na ngazi za mlangoni.