Kesi si kupoteza muda

Wengine husema kesi za haki ni kupoteza muda, ni za matajiri tu. Hapana ndugu, usiseme hivyo. Kwa Kenya, Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki, yake au ya mwenzake, na inakataza kutozwa ada ya kufungua kesi hiyo. Wakili ndiye gharama, na hapo mashirika ya haki husaidia sana.

Angalia kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano ya Kenya. Ukiandika mtandaoni jambo "linaloudhi" mno, au uongo wa kumpa mtu "wasiwasi", ulikuwa unakabiliwa na faini ya hadi shilingi 50,000, kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili. Kuudhi nani, kwa kipimo gani? Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno. Kesi ililetwa na raia aliyeshtakiwa kwa chapisho la Facebook.

Kelele za umma nazo zinahitajika, lakini ziende pamoja na kesi. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya mtandao, wanablogu wakaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda.