Buku na jero

Swali lenu la wiki hii, "Je, unaweza kujitazama bila kujihukumu?", nililijibu palepale: siwezi, na wala sitaki. Mimi ni mtu wa daftari. Mwaka wa ishirini na mbili huu naandika hesabu za duka la vitenge Kariakoo, na mtu akiniambia nitazame mauzo ya siku bila kusema kama pesa imetimia au imepungua, nitamuuliza ametumwa na nani.

Mmeeleza kwamba zoezi lenyewe, la kukaa kimya na kutazama kinachopita akilini bila kukihukumu, asili yake ni kwa Wabudha, na kwamba Marekani lilishika kasi baada ya mtaalamu wa huko, Jon Kabat-Zinn, kuanza, mwaka 1979, kuwafundisha wagonjwa wa maumivu yasiyoisha. Sawa. Ila wengine tumelelewa na muhasaba, yaani kuihesabu nafsi yako mwenyewe. Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa haachi kuturudia maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Omar, jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Na kuna mwanazuoni Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, ambaye lakabu yake yenyewe imetoka kwenye huko kujihesabu. Mtu wa hesabu kama mimi mlidhani nitavutwa na upande gani?

Nimeanza kuandika hivyo. Halafu akanijia yule konda.

Nauli ilikuwa bado mia tano. Jioni, gari la Tandika limejaa mpaka mlangoni, mimi siti ya dirishani upande wa jua, pochi mapajani, mfuko wa nyanya katikati ya miguu. Nikatoa buku mbili. Konda, kijana mdogo, sare imempauka mabegani, akasema, "Mama, chenji nakupa hapo mbele." Kamata tukaganda kwenye foleni. Tulipokaribia Veta nikamwambia, "Kijana, chenji yangu." Akasema, "Mama, si nimeshakupa?" Alisema taratibu, kwa adabu, na nahisi ile adabu ndiyo iliyonipandisha. Nikaja juu. Baba mmoja wa nyuma akadakia kwamba makonda wote ni walewale, dada aliyesimama akasema, "Mpe mama wa watu hela yake," na mnajua gari likishakuwa baraza linavyokuwa. Kijana akafungua kiganja. Akahesabu, midomo inacheza bila sauti, akanipa buku na jero. Ile jero ilikuwa na jasho. Dereva hata hakugeuka: "Hiyo ni juu yako, hesabu ya tajiri haiguswi."

Usiku, nyanya zimeshakatwa, nafungua pochi kutafuta dawa ya presha. Kwenye mfuko wa pembeni, ule wa zipu, buku na jero. Nyingine.

Nilijihukumu, tena sawasawa. Nikajiita dhalimu, nikaswali, kesho yake nikatia 1,500 kwenye sanduku la msikiti. Na kila akinijia nimekuwa nikijiita dhalimu upesiupesi na kufunga daftari.

Jana, kwa ubishi tu, nikakaa barazani dakika kumi kama mlivyoelekeza: tazama kinachopita, usiseme kizuri wala kibaya. Kwanza alipita kuku wa jirani. Kisha ikaja Kamata. Muuza maji ananyanyua chupa dirishani, mimi namkatalia kwa kichwa, na mkono wangu wa kulia unafunga zipu. Vidole vimegusa kitu cha baridi, ile sarafu yenye nyati. Kumbe nilipewa, na mkono ulijua. Pale Veta, aliposema "si nimeshakupa", mkono ulikwenda kwenye zipu. Ulifika kabisa. Wakati huohuo yule baba wa nyuma akaanza kuniunga mkono, nami nikaurudisha. Gari zima lilikuwa upande wangu.

Hilo la mkono sikuwahi kuliona miaka yote hii. Nikishasema "dhalimu", kesi imekwisha, nani tena anaita mashahidi?

Kwa hiyo jibu langu limegeuka njiani, mniwie radhi. Naam, inawezekana, na pengine muhasaba wenyewe hauendi bila hizo dakika kumi. Huwezi kufunga hesabu ya risiti ambazo hujazisoma. Lakini naomba msinifikishe mbali. Hizo ni dakika kumi, zikiisha lazima mtu aandike deni. Tena ni zoezi la aliyekosa. Yule kijana siwezi kumwambia autazame uchungu wake bila kuhukumu. Ahukumu, ana haki zote. Na jirani yangu aliyefiwa juzi sitamkalisha peke yake asikilize kifua chake, nitakwenda nikae naye.

Nimetenga 1,500 nyingine, maana ile ya sanduku ilikuwa ya kunituliza mimi. Leo nimepita kituoni kumuulizia. Wapiga debe wakaniuliza, "Mama, konda wa gari gani? Yukoje?" Nikawaambia kijana, mwembamba, sare imepauka. Wakacheka, wakanionyesha makonda wanne waliosimama pale. Nilimtazama mikono tu, anapohesabu. Uso siukumbuki.